Somo Hakai Kitini

Pale Gazi bi harusi hatolewi chumbani bila ya mkono wa somo wake. Somo ndiye anayekaa naye chini, mkekani, kichwa cha mwari amekilaza mapajani, akimsugua singo, ule mchanganyiko wa liwa na viungo vya kunukia, kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu, huku akimnong'oneza yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Twaiba alikuwa somo wa Mwanatumu tangu msichana alipovunja ungo. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayemsugua siku ikifika.

Kisha bodaboda ikamwangusha. Alikuwa nyuma ya dereva, anatoka Ukunda na kikapu chake cha viungo, pikipiki ikateleza kwenye mchanga pale njia inapoiacha lami kuingia kijijini. Dereva aliinuka akajipangusa. Twaiba hakuinuka. Kule hospitali ya Msambweni walimtia chuma pajani, na alipoiacha mikongojo mguu ulikuwa mgumu kama mchi. Akawa anaswali kitini, anakula kitini, na nazi anakuniwa na jirani, kwa sababu kuikalia mbuzi kulimshinda.

Wifi yake Biasha, dada wa mumewe, hakukawia kuja.

"Wewe pumzika, wifi," alisema huku akijipepea kwa ncha ya leso. "Huyo mwari atalala wapi, chini ya kiti kama paka? Mimi nitamshika. Magoti yangu mazima."

"Magoti yako mazima, na mdomo wako mzima zaidi," Twaiba alimjibu. "Harusi ni Mfungo Tatu, na hata Ramadhani haijafika. Mpaka hapo nitakuwa nimekaa chini."

Alisema hivyo bila kujua atakaaje. Daktari wa mazoezi alikwisha kumwambia kuwa mfupa umeshika, kilichobaki ni kuizoeza misuli, polepole. Aliyemzoeza ni Kadzo, mpangaji wa nyumba ya pili, mtu wa Kinango anayefanya kazi kwenye hoteli moja ya Diani. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kufuta mikeka ya wageni wa yoga. Alitazama, akajaribu, akafundishwa, na siku hizi ndiye anayeachiwa wale wazee wa kizungu wasioweza kuinama.

"Shikamoo, bi Twaiba. Nikufunze?"

"Marahaba. Kuna kuabudu ndani yake?"

"Mimi nafunza kupumua na kujinyoosha. Ukitaka kuanza kwa bismillahi, anza."

Akaanza kwa bismillahi, uani, asubuhi baada ya kufagia, suruali ya mumewe ndani ya dera. Mkeka wa miyaa uliteleza, wakautandikia gunia. Leso kuukuu zilikunjwa zikawekwa chini ya makalio ili goti lisivutike kwa ghafla. "Usiulazimishe," Kadzo alikuwa akisema, "ubembeleze kama mtoto anayekataa uji. Na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia." Siku za mwanzo Twaiba alilia machozi ya wazi. Baadaye akawa anakunja uso tu. Ramadhani ilipokwisha alikuwa anajishusha mwenyewe hadi mkekani, na kuinuka vilevile, lakini hakumwambia mtu. Zoezi alilolipenda kuliko yote ni lile la viganja chini, nyayo chini, makalio juu, na kichwa kuning'inia katikati ya mikono. Alihisi mgongo wote unafunguka.

Ni hilo ambalo Biasha aliliona. Alichungulia kwenye uzio wa makuti, akamwona wifi yake amebinuka, macho ameyafumba, anahema kwa sauti. Biasha hakuuliza. Aliyajua hayo, mtu kabinuka na anahema, ni pepo. Akaenda moja kwa moja kwa mamake Mwanatumu, na haukupita muda wakarudi wote wawili, Biasha mbele na chetezo kinafuka udi.

"Sema wataka nini," Biasha aliuambia mgongo wa Twaiba. "Leso nyekundu? Maji ya waridi? Sema upewe, umwache mke wa kaka yangu."

"Nataka uuondoe huo moshi, wifi," Twaiba alijibu, kichwa kikiwa huko huko chini. "Nashindwa kupumua."

Mamake Mwanatumu alicheka kabla hajajizuia. Kisha akakaza uso.

"Twaiba, hata bila ya haya nilikuwa nije. Nakupenda, lakini mwanangu hatasuguliwa na mtu aliye kitini. Wakwe zetu, watu wa kina Luqman, watasema wameozwa mke asiye na somo."

"Nani kakwambia niko kitini?"

"Basi kaa, nikuone."

Twaiba akashuka. Goti moja, la pili, kiganja, nyonga, kisha akanyoosha miguu. Mamake Mwanatumu hakuridhika na kutazama. Alilala mkekani akamwekea kichwa mapajani, kichwa chenyewe kizito, na kilemba juu yake.

"Nisugue."

Akamsugua. Mama yule akaanza habari za mahari, za fundi wa cherehani aliyeharibu nguo, za kuku waliopungua bandani, na hakuonyesha haraka. Udi ukazimika. Paja lenye chuma likaanza kuwaka moto. Twaiba akavuta pumzi, akaitoa taratibu, ndefu, na mikono yake haikusimama.

"Kukaa nimeona," mama alisema hatimaye, akijiinua. "Na kuinuka? Mwari akitaka maji, utapiga ukelele uinuliwe?"

Biasha alinyoosha mkono upesi, na furaha yake hakuificha.

"Kaa na mkono wako, wifi."

Twaiba akageuka ubavu, akaweka viganja chini, akapiga magoti, akainua makalio juu, kichwa kikaning'inia. Akaitembeza mikono kurudi nyuma kuelekea miguuni, kisha akanyanyuka kidogo kidogo mpaka akasimama wima, jasho likimtiririka kidevuni.

"Kumbe ndilo pepo lenyewe," Biasha alisema kwa sauti ndogo.

"Ndilo."

Mamake Mwanatumu alikuwa akijifunga leso upya. "Liwa usinunue ya dukani, wanachanganya unga. Saga mwenyewe. Na uje mapema, kabla wanawake hawajajaa chumbani."

"Na mimi?" aliuliza Biasha.

"Wewe utakaa mlangoni, uwazuie wenye maneno mengi."

Walipoondoka, Twaiba aliingia ndani kutafuta jiwe la kusagia liwa. Alipolipata hakuvuta kiti. Alijishusha pale pale sakafuni, akaliweka katikati ya miguu, akaanza.