Safu Iliyoachwa Wazi

Waceke hakubisha hodi. Aliingia katika chumba cha kompyuta akiwa na gambuti za matope, akasimama mbele ya Nicholas Kipyego na kumuuliza kama ni yeye aliyewafuta watu wa Yamumbi.

Kipyego, mhadhiri wa upimaji ardhi katika chuo kile cha nje ya mji wa Eldoret, alikuwa na desturi ya kujibu maswali kwa utaratibu. Alimpa kiti. Mama yule alikisukuma kando kwa goti.

Tangu mwanzo wa mwaka huo wa 1989, Kipyego alikuwa akitayarisha hifadhidata ya ramani, ili kompyuta ijue umbo na mahali pa kila kipande cha ardhi, na programu za idara yake zipate kitu cha kujaribiwa nacho. Jaribio lilihitaji ardhi ya kweli. Alichagua shamba la Yamumbi ambalo kampuni ya wanahisa ilikuwa imelinunua kwa mzungu na kuligawia wanachama wake, ingawa hati zilikuwa hazijatolewa. Alinakili mipaka yote kwa subira. Majina hakuyaingiza. Aliona kwamba majina ya watu si mali yake, na kuyaacha kulikuwa ni adabu.

Kisha akaiuliza kompyuta imwonyeshe, kwa rangi nyekundu, kila kipande kisicho na mwenyewe. Kwa kuwa safu ya majina ilikuwa tupu, shamba zima likawa jekundu. Swali lilikuwa limefanya kazi barabara. Alifurahi, akauchapa mchoro kwenye karatasi pana, na mkuu wa idara akaupenda kiasi cha kumpa rafiki yake Githinji, mwenyekiti wa kampuni ile.

Yaliyofuata aliyasikia sasa kutoka kwa Waceke. Jana yake, katika mkutano uliofanyika Munyaka, Githinji aliutandaza mchoro mezani na kuwaambia wanachama kwamba hata chuo kikuu kimechunguza na kuona vipande vile havina wenyewe. Kwa hiyo vitagawanywa upya, kuanzia vya wajane. Waceke alikuwa mjane, na viazi vyake vilikuwa bado ardhini.

"Mama, lile lilikuwa jaribio tu," Kipyego alisema.

"Jaribio na shamba yangu?"

"Nilihitaji ardhi ya kweli."

"Kwani baba yako hana ardhi?"

Alijibu kwamba anayo, kule Moiben. Waceke akamwamuru aiingize. Kipyego angeweza kukataa, lakini alidhani mama yule akiona kwa macho yake atatulia, maana mashine haina nia mbaya na mtu. Akaitandaza karatasi ya ramani ya Moiben, akaufuata mpaka wa baba yake kutoka mtoni hadi kwenye ua wa miti ya mikrismasi. Jina aliliacha, kama alivyoyaacha mengine. Akauliza swali lile lile.

Mahali ambapo saa ile huenda mama yake alikuwa akianika mahindi pakageuka pekundu.

Alijua sababu yake kuliko mtu yeyote. Hata hivyo vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika jina la baba yake.

"Usiandike," Waceke alisema. "Acha hivyo tuone kama utalala."

Kipyego akaondoa mkono. Mara Githinji akaingia na ule mchoro kwapani. Alimtazama Waceke kuanzia kichwani hadi kwenye gambuti.

"Na wewe umekuja kusoma digrii?"

"Nimekuja kuona huyu fundi wako."

Githinji hakumjali tena. Alimweleza Kipyego kwamba DO, afisa wa serikali wa tarafa, hataupokea mchoro bila muhuri wa idara, na kwamba mkuu ameshakubali. Kipyego akafahamu kuwa akikataa, mkuu mwenyewe ataupiga muhuri kabla ya jioni. Akaupokea, akautandaza, akachukua kalamu ya wino usiofutika, na kuandika kwa herufi kubwa, kukata vipande vyote toka pembe hadi pembe: *Mchoro wa kujaribia programu. Majina ya wenye mashamba yaliachwa na mchoraji kwa makusudi. Hauonyeshi nani ana ardhi na nani hana.* Chini yake akatia sahihi na muhuri.

"Nini hii?" Githinji aliuliza.

"Muhuri uliotaka, Mzee."

Githinji aliteremsha sauti. Alisema kuna watu pale wilayani watakaopenda kujua kwa nini mhadhiri anachochea wananchi, na kwamba kuna waliofutwa kazi kwa kosa dogo kuliko hili. Kipyego alijibu kwamba anajua. Mwenyekiti akaanza kuikunja karatasi, lakini Waceke alikuwa ameikandamiza kwa kiganja.

"Wacha hiyo. Nitaipeleka kwa DO mimi."

"Karatasi ni yangu."

"Jina yako imeandikwa wapi hapo?"

Githinji alivuta mara moja, pembe ikachanika, akaiacha. Alitoka bila kufunga mlango, na hatua zake zikaelekea ofisi ya mkuu.

Waceke hakutoa shukrani yoyote. Aliuliza kama mkuu anaweza kuchora ingine. Kipyego akakiri kwamba anaweza, maadamu Yamumbi imo ndani ya mashine.

"Basi tutoe huko ndani."

Kipyego alimweleza kwamba Jumatatu wanakuja wageni kuiona kazi ile, na kwamba bila Yamumbi hana cha kuwaonyesha, na huenda idara isimpe nafasi nyingine. Waceke alisikiliza hadi mwisho, uso wake ukiwa vilevile.

"Nimesema mtutoe."

Kipyego akaifuta Yamumbi kwenye kompyuta, kisha akaitia diski ya akiba na kuifuta humo pia. Waceke alibaki wima hadi kwenye kioo kikasalia kipande kimoja tu, cha Moiben, kikiwa bado chekundu. Akaiviringisha karatasi.

"Wageni wako wataona hiyo," alisema, akatoka bila kuaga.

Kupitia ukutani, Kipyego alisikia sauti ya Githinji, kisha kiti kikisukumwa nyuma, kisha mkuu akiita jina lake.