Gauni la Dishi

Mtaani walimwita Mama Vitambaa, kwa sababu kwake hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, cherehani kina shuka lake. Basi mtaa wao, ambao simu haikuwahi kushika, ulipofungiwa dishi la intaneti juu ya paa la kibanda chake cha ushonaji, alifanya alichofanya siku zote. Alilipima, akalishonea gauni.

Fundi wa dishi alikuwa amemwonya. "Mama, hili linaongea na setilaiti zinazopita huko juu. Lisizibwe na kitu." Alisema hayo huku akionyesha matawi ya mti, naye akayakata siku hiyohiyo. Kwake yeye kuziba ni matawi; nguo ni heshima.

Gauni lilitokana na kitambaa kizito cha nyuzi za chuma, kilichobaki alipomshonea mdogo wake gauni la harusi. Alikuwa amemlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Sasa mdogo huyo alikuwa amelazwa nchi ya mbali alikofanya kazi, akisubiri operesheni ya moyo leo mchana. Jana, kabla dishi halijavikwa, waliahidiana kuonana tena kwenye simu kabla hajaingizwa.

Lakini leo kwenye kioo cha simu kiduara kilizunguka tu, kikazunguka, mpaka macho yake yakalegea. Akaona kama ndotoni: setilaiti zinapita taratibu, kila moja imebeba sauti ya mdogo wake, inachungulia paa, inakuta mlango umefungwa, inakwenda zake. Woga ukamshika. Nani kaufunga? Mkono wake ulikuwa unapapasa shuka la cherehani. Akalitazama shuka lile, akajijua. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Alipanda ngazi magoti yakilalamika, akalivuta gauni. Hajashuka, simu ikaita.

"Dada, ulikuwa wapi?" Mdogo wake alikuwa tayari kavaa kofia ya hospitali.

"Nilikufungia mlango, mdogo wangu. Nisamehe."

"Na hicho kwapani? Si kitambaa cha harusi yangu?"

"Nililivisha dishi. Lilikuwa uchi."

Mdogo wake akacheka mpaka nesi akamwambia atulie. Kicheko kilipokwisha akasema, "Naogopa, Dada."

"Hata mimi naogopa. Ila nipo, sitoki hapa."

"Nikiamka nitapiga. Usilifunike tena."

Kisha akachukuliwa.

Mvua ikaanza, manyunyu kwanza, halafu yenyewe hasa. Mama Vitambaa aliketi barazani akilitazama dishi linavyolowa, na mikono ikamwasha. Maisha yake yote, alichokipenda alikifunika; hata mdogo wake alimfunika hivyo utotoni, kila radi ilipopiga. Akalikunja gauni, akalikalia, na dishi akaliacha linyeshewe.