Kibao cha Nne

Siku ya nne baada ya Idi nilikuwa nimeinama nang'oa magugu kwenye shamba langu la Tiwi, nikaona udongo wa chini ya mashina ya Namba Nne umelainika kama unga uliochekechwa. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Nikaingiza mkono. Vidole vilipita bila shida mpaka kwenye shingo ya shina, na pale palipotakiwa kuwa na muhogo nikagusa kikonyo kilichokatwa kwa kisu.

Nikahamia shina la pili: kikonyo. La tatu: viwili.

Nilipofika la tisa nilikaa chini kabisa, kanga yote vumbi, nikacheka peke yangu. Mimi hucheka nikiogopa. Siku mume wangu aliponiambia anahamia Mombasa kwa mke mwingine nilicheka mpaka akadhani nimefurahi. Alikwenda yeye, mama yake akabaki kwangu, na katika mgao ule mpaka leo sijui nani alipunjwa.

Keshokutwa asubuhi Kahaso angekuja na mizani.

Kahaso ni binti wa Kigiriama, mtafiti wa mihogo. Alikuja kwetu mwaka jana kabla ya mvua za masika, kwa sababu misimu mitatu muhogo wetu ulikuwa unatudanganya. Majani ya kijani, shina limenona, mpita njia anakuonea wivu. Ukichimba, ndani ni michirizi ya kahawia, mkavu, mchungu, hata mbuzi anaukataa kwa heshima. Kijiji kizima kilizoea kulala na strungi tupu, chai ya rangi bila kitafunio. Kahaso akaleta aina sita za mbegu, akapanda kila aina kwenye kipande chake, akasimamisha vibao vya namba moja hadi sita. Kisha akazungushia shamba lote mistari ya muhogo wetu wenyewe, ule mgonjwa, makusudi, ili ugonjwa uwe karibu. Nilimuuliza kama huko shuleni walimfundisha kumwalika mwizi nyumbani ili kupima kufuli.

"Ndivyo hasa, mama Rashad," akanijibu. "Kufuli litakalohimili ndilo tutakalogawa."

Mambo yalikuwa wazi. Aina itakayoshinda, vijiti vyake vingezalishwa na kugawiwa nyumba ishirini na mbili za kikundi chetu, kisha vijiji vingine. Itakayoshindwa ingetupwa na isipandwe tena. Mpaka siku ya kupima, mtu asiguse muhogo hata mmoja. Shamba likiguswa, kikundi kizima kinaweza kutolewa kwenye mpango.

Na Namba Nne ndiyo niliyoiwekea moyo. Jani halikuwa na doa. Nilikuwa naisalimia asubuhi kabla ya majirani.

Nilimkuta Bimkubwa, mavyaa wangu, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umeniamkia alfajiri. Ya pili hii ni ya nini?"

"Muhogo wa futari, ule wa Ramadhani. Ulinunua wapi?"

"Nani aliyesema nilinunua?" Hakuinua uso. "Na shamba liko mlangoni?"

Nikaketi juu ya ndoo.

"Mama, tuliambiwa tusiguse."

"Kwani nimeharibu nini? Shina liko palepale. Nimechomoa mmoja hapa, mmoja pale, nikafukia vizuri. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Shina moja linalisha nyumba mwezi mzima na jani halinyauki. Wewe mwenyewe umepita pale kila asubuhi. Uliona nini?"

Sikuona kitu. Wanawake wa kwetu huchukua muhogo kama mtu anayetoa mto chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Na bakuli la futari kwetu halikai ndani: lilikwenda nyumba saba kila jioni. Mimi mwenyewe nililila siku thelathini, nikaongeza, nikasifu. Nilikula utafiti kwa nazi na chumvi, nikalamba na vidole.

"Ulichukua kwenye Namba Nne tu?"

"Nzuri ndiyo inayoliwa," akasema, akaendelea kukuna.

Hapo ndipo hofu ilinikamata barabara. Angechukua kidogo kila kipande, zote zingepungua pamoja. Lakini alichukua kwenye ile bora, na kwa sababu ni bora, mizani ingeiona ndiyo mbaya kuliko zote. Ingetupwa kwa kosa la utamu wake.

Jioni alikuja Chirau, mwenyekiti wa kikundi, ambaye pia ni binamu wa mume wangu, kwa hiyo hukosea kwa vyeo viwili. Nilimweleza. Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile saba za futari.

"Lo! Ule muhogo?" akasema. "Shemeji, ule ulikuwa muhogo."

"Nakuuliza tufanye nini."

"Ukisema, tumetolewa. Usiposema, Namba Nne imetupwa." Akajikuna kidevu. "Lakini kama rundo lake litakuwa na uzito unaostahili, nani atauliza? Hatudanganyi, tunarudisha kilichokuwepo."

"Unarudisha kutoka wapi, Chirau? Kwenye tumbo lako?"

"Muhogo ni muhogo, shemeji. Niachie."

Ilinipasa kumkatalia palepale. Sikumkatalia. Nilimwambia anywe chai. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana, nikajiona mjanja.

Siku ya kupima Kahaso alifika saa mbili, kofia ya ukili kichwani, mizani ya kuning'iniza begani. Wanakikundi walishafika. Alitugawa: kila watu watatu kipande kimoja, mashina kumi na mawili ya katikati, kila rundo liwekwe mbele ya kibao chake. Chirau alijitolea Namba Nne kabla hajaulizwa. Nilimwona akizunguka na kikapu upande wa nyuma, kwenye mistari ya pembeni. Nikageuza uso. Nikaanza kumtania Kahaso kuhusu kofia yake, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikihisi jasho likinishuka mgongoni.

"Mama Rashad, leo una furaha," akasema.

"Sana, mwanangu."

Mizani ikatundikwa kwenye mti wa kubebea, vijana wawili wakaushika. Namba Moja, kilo thelathini na sita. Namba Mbili, arubaini na nne. Namba Tatu, thelathini. Lilipopandishwa gunia la Namba Nne mshale ulicheza, ukapanda, ukasimama. Kilo arubaini na saba. Hakuna iliyoifikia baada ya hapo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Chirau alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Na mimi, nisiwafiche, nilipumua. Nikajiambia basi, limepita, Namba Nne ilistahili hata zaidi ya hizo, na nyumba ishirini na mbili zitakula.

Kahaso akachomoa kisu.

"Sasa tukate," akasema.

"Tukate nini?" nikauliza.

"Kila muhogo, vipande vitano, tuangalie michirizi. Ilikuwa kwenye ile karatasi mliyotia saini."

Karatasi ile niliisoma mpaka pale palipoandikwa kwamba wageni watapewa chai, nikatia saini. Nikamtazama Chirau. Tabasamu lilikuwa bado usoni, lakini yeye mwenyewe hakuwemo tena.

Kahaso alianzia Namba Moja. Michirizi kidogo. Namba Mbili, michache. Namba Tatu ilikuwa imeoza nusu nzima. Kila kisu kilipogonga ubao nilihesabu marundo yaliyobaki. Akachuchumaa mbele ya kibao cha nne. Muhogo wa kwanza ulikatika mweupe kama nyama ya nazi. Wa pili mweupe. Wa tatu. Nikaanza kusoma kila dua niliyoikumbuka.

Wa nne ulikuwa kahawia kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kahaso aliugeuza mkononi. Akaukata tena, akaunusa. Akachukua wa tano, mweupe. Wa sita, kahawia. Wa saba, kahawia. Akafuta jasho kwa mkono wa blauzi.

"Namba Nne inaugua," akasema polepole, kama muuguzi anayeongea na ndugu wa mgonjwa. "Pole, mama Rashad. Najua uliipenda." Akafungua daftari, akatoa kofia ya kalamu kwa meno.

Kuonekana nyepesi ni jambo moja. Huenda mwaka mwingine mtu akaipa nafasi. Lakini mbegu ikishaandikwa kwamba ni mgonjwa, nani ataipanda? Nilimwona Chirau akitazama mawingu ambayo hayakuwepo. Nilizitazama nyuso za watu, wake kwa waume, waliokuja na magunia matupu kwa matumaini ya vijiti. Ningesema, wangetolewa mbele ya macho yangu. Nikapoteza muda huo wote nikitazama, na kalamu tayari imegusa karatasi.

"Usiandike!"

Sauti ilitoka kali mno. Kahaso akashtuka.

"Huo wa kahawia si wa Namba Nne. Ni muhogo wetu wa pembeni. Umetiwa ili uzito ufike." Nikajifunga kanga upya. "Na uzito ulipungua kwa sababu Namba Nne imeliwa. Ramadhani nzima. Tumeila sisi, nyumba yangu. Kikundi hakijui."

"Na mimi ndiye niliyetia," akasema Chirau. Kwa hilo namheshimu, ingawa alilisema akitazama viatu vyake.

Mtu mmoja nyuma akasema "Ya Rabi". Kahaso akakaa chini, kalamu mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi alivyo mdogo kwa umri.

"Miezi kumi na moja," akasema. "Mama Rashad, miezi kumi na moja."

Bimkubwa akatoka ndani na kiti chake cha kuchunia samaki, akakaa kando ya rundo bila kumuomba mtu ruhusa. Akachukua muhogo, akaukwaruza kwa ukucha. Ganda la ndani lilikuwa na rangi ya waridi. Akauweka kulia. Wa pili, ganda jeupe, kushoto.

"Wa waridi ni wenyewe. Wa ganda jeupe ni wa huyu mpumbavu," akasema, akimwonyesha Chirau kwa kidevu.

"Bibi, hata ukichambua, siwezi kuandika," Kahaso akamwambia. "Kilicholiwa sikukipima."

"Hukukipima, lakini si ulikila? Siku ile ulipokuja kuhesabu majani ukafuturu kwetu."

Kahaso akaziba mdomo kwa mkono. "Ule wa nazi?"

"Ukaniuliza kama umebaki."

Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani, kifupi. Kahaso hakucheka, lakini aliinua macho.

"Kwa nini Namba Nne tu, bibi?"

"Nilionja zote wiki ya kwanza. Namba Moja ina uchungu wa mwishoni. Mbili haiivi, unaipika mpaka isha bado inagonga sufuria. Tano ina nyuzi. Hii inaiva kabla hujamaliza kukamua tui." Akarusha muhogo mwingine kulia. "Kuni zenyewe ziko wapi siku hizi?"

Kahaso aliandika hayo yote, kwenye ukurasa wa nyuma. Kisha akakata ile ya waridi, yote, mmoja mmoja. Ilikuwa mieupe, isipokuwa miwili yenye mchirizi mwembamba. Alipomaliza alirudi kwenye ukurasa wa Tiwi, akachora mstari kutoka kona hadi kona. Nililiona shamba langu likifutwa hivyo, kwa wino wa buluu.

"Kuna mashamba mengine mawili, Msambweni na Lunga Lunga," akasema. "Namba Nne itategemea matokeo ya huko. Na kuhusu kikundi, nitaandika kilichotokea, pamoja na kwamba mlisema wenyewe. Kuamua si kazi yangu."

Tulingoja siku kumi na nane. Sijui kama mnajua kungoja kwa mtu ambaye kosa ni lake. Mbingu zikaanza kujaa upande wa bahari, watu wakaanza kulima, na kila aliyepita kwangu aliuliza habari za nyumbani, habari za watoto, akamaliza kwa kunitazama tu. Simu nililala nayo, nilikwenda nayo kisimani. Ikilia, ni watu wa kampuni ya simu kuniambia nimeshinda.

Alipopiga Kahaso nilikuwa jikoni na Bimkubwa. Nikaweka sauti kubwa.

"Mama Rashad, Namba Nne haikutupwa." Nikashika ukuta. "Lakini haikupita. Msambweni ilifanya vizuri sana, Lunga Lunga wastani. Kwa mashamba mawili hawawezi kuigawa. Itapandwa tena msimu mmoja, na Tiwi mmebaki. Chirau asiguse kikapu."

"Na vijiti vya kikundi?"

"Mwaka ujao. Ikipita."

Mwaka ujao. Nyumba ishirini na mbili zingefukia tena vijiti vya ule ule muhogo wetu mgonjwa, na kungoja tena kuona majani ya kijani yanaficha nini.

"Kuna jambo jingine," akasema Kahaso. "Nimeomba safari hii tupande mstari wa Namba Nne nje ya vipande, wa kula. Ili vya kupimwa visiguswe."

Bimkubwa akaisogelea simu. "Mstari mmoja? Ramadhani kwenu huko ina siku ngapi?"

"Mnataka mingapi, bibi?"

"Mitano."

"Mitatu. Vijiti vyenyewe havitoshi."

Waliendelea kuvutana. Niliwaacha. Nikachukua buibui langu msumarini, nikaanza kupanga nyumba za kikundi kichwani, ipi kwanza na ipi baadaye, na maneno ya kuwaambia mlangoni kwamba mwaka huu hakuna vijiti. Hakuna yaliyokaa sawa. Nikatoka hivyo hivyo, nikaanza na ya jirani, yenye watoto sita, ambako tayari niliwasikia wakipasua ardhi kwa jembe.