Pongezi kwa Mheshimiwa Waziri

Bungeni walimwita Mama Pongezi. Tangu achaguliwe, hakuwahi kusimama kuuliza swali bila kwanza kumpongeza waziri aliyekuwa mbele yake. Waziri wa barabara, pongezi. Waziri wa maji, pongezi. Waziri aliyekuja bila jibu lolote alipongezwa kwa kuja. Wabunge wa upinzani walimtania kwenye mgahawa wa Bunge.

"Mama, mimi nimenyoa leo, hata pongezi moja hunipi?"

Yeye alicheka nao, akakoroga chai yake. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akimnenepesha mtu wa kumchinja.

Mtu huyo alikuwa Waziri wa Afya.

Mdogo wake Mama Pongezi, aliyenyonya naye ziwa moja, alijifungua katika kituo cha afya cha kwao siku ile ile waziri alipokwenda hospitali ya wilaya kuzindua wodi mpya ya wazazi. Mtoto alitoka salama, lakini damu ya mama ikakataa kusimama. Kituo hakikuwa na daktari wa upasuaji. Kilikuwa na gari la wagonjwa, na siku hiyo gari halikuonekana. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alipiga simu mpaka ikamzimikia mkononi. Mwishowe alimbeba mkewe kwenye pikapu yake ya kubebea vyuma. Alimfia njiani, amelazwa juu ya turubai.

Kituo kilisema gari lilikuwa gereji. Fundi aliapa kwamba dereva mwenyewe alimwambia kwenye simu: niko kwenye msafara wa waziri, nimekatazwa kuondoka. Baada ya mazishi dereva alihamishiwa mbali, na namba yake haikupatikana tena. Likabaki neno la fundi dhidi ya neno la wakubwa, na fundi alikuwa mtu wa kupiga chupa mbili tatu siku za mapumziko. Kwa mama mkwe wake, hiyo ilitosha.

"Mwanangu alikuwa anakata roho, yeye yuko kilabuni," alisema bibi yule. "Sasa anasingizia msafara."

Tangu hapo mkwe hakuvuka kizingiti chake. Akija kumwona mtoto aliwekewa kigoda barazani, akapewa mtoto, akanyang'anywa mtoto, akaaga mlango uliofungwa.

Mama Pongezi alimwamini shemeji yake. Ndiyo maana aligombea ubunge. Kwenye kampeni alizungumza habari za madawati na visima, na hakuwadanganya watu, visima alivipigania. Lakini moyoni alikuwa na jambo moja: waziri yule aseme kwa kinywa chake, mbele ya kipaza sauti, gari lilikuwa wapi.

Alimsoma kama mtu anavyomsoma mbwa mkali wa jirani. Aligundua kitu. Mawaziri wengine wakibanwa husema, "Nitaleta jibu kwa maandishi," na jambo linafia hapo. Huyu hakuwahi kulisema neno hilo. Hakujua kusema sijui. Jibu lililoandikwa na wizara alilisoma nusu tu, halafu aliikunja karatasi na kuanza kusimulia, kifua mbele. Tatizo ni kwamba maswali mengi alimwachia naibu wake. Ili aje mwenyewe, swali lilipaswa kuwa tamu.

Basi akaandika tamu. Aliomba Serikali ilieleze Bunge jinsi uzinduzi wa wodi ile ulivyofana, na namna usalama wa wananchi waliohudhuria ulivyoandaliwa. Karani wa maswali alilisoma akakuna kichwa.

"Mheshimiwa, hili ni swali au kadi ya harusi?"

"Lipitishe tu, mwanangu."

Siku ilipofika, shemeji yake aliketi roshani ya wageni na koti la kuazima lililompwaya mabegani. Waziri alikuja mwenyewe. Alisoma mistari michache, akaikunja karatasi. Mama Pongezi aliona ile karatasi ikikunjwa, akabana magoti yake chini ya meza.

"Mheshimiwa Spika," alisema waziri, "siku ile sikubahatisha kitu. Watu walikuwa maelfu. Gari la wagonjwa lilisimama nyuma ya jukwaa tangu nilipofika mpaka nilipoondoka. Mimi sipendi kazi ya ubabaishaji."

Meza ziligongwa. Spika akamwita Mama Pongezi kwa swali la nyongeza la kwanza.

"Mheshimiwa Spika, nampongeza Waziri. Ili wananchi wamshukuru anayestahili, gari hilo lilitoka wizarani, au ni lile la kituo chetu cha afya?"

"La kituo chenu hicho hicho! Jipya, jeupe. Funguo zake nilizikabidhi mimi."

Kwenye viti vya maafisa wa wizara, mtu mmoja aliinuka nusu. Akaandika haraka kwenye kikaratasi, mhudumu akakipeleka mbele. Mama Pongezi hakuhitaji kukisoma. Vikaratasi vyote vya namna ile huwa na maneno mamoja: sema utaleta jibu kwa maandishi. Waziri alikipokea, akakitia mfukoni bila kukitazama, huku akimtabasamia muulizaji.

"Swali la pili la nyongeza," Spika aliita.

"Mheshimiwa Spika, nampongeza tena. Inasemekana siku hiyo dereva wa gari alipigiwa simu, kwamba kituoni kuna mzazi anatoka damu. Je, Waziri aliarifiwa, au wasaidizi wake walimficha?"

"Wamfiche nani?" Waziri alicheka, akawageukia wenzake. "Mheshimiwa Spika, mimi si waziri wa kufichwa mambo. Niliarifiwa pale pale jukwaani. Nikaelekeza gari libaki mpaka shughuli iishe, kwa kuwa ..."

Hapo aliisikia sauti yake mwenyewe. Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwenye kikaratasi, ukabaki humo.

"Kwa kuwa nini?" mtu alipaza sauti kutoka upinzani. "Malizia, mzee!"

"Kwa kuwa ... hali ilielezwa kuwa ya kawaida."

Mama Pongezi alisimama. Spika akamwambia maswali yake mawili yamekwisha.

"Sina swali, Mheshimiwa Spika. Nina pongezi."

Watu walicheka kwa mazoea. Spika akamruhusu.

"Nampongeza Waziri kwa kusema kweli. Kituo kilitwambia gari lilikuwa gereji. Mzazi yule alikuwa mdogo wangu. Alikufa kwenye pikapu ya vyuma, gari lake likiwa nyuma ya jukwaa, likisubiri hotuba iishe." Alilitaja jina la mdogo wake, lote, la baba na la babu, polepole, ili waandishi wa taarifa rasmi wasikosee hata herufi. Kisha akaketi.

Hakuna aliyegonga meza. Kule roshani fundi alikuwa ameinama, amefunika uso kwa viganja vyenye makovu ya moto.

Waziri alimvizia Mama Pongezi kwenye ukumbi wa nje, jasho limemlowesha kola.

"Dada yangu, sisi ni chama kimoja. Si ungekuja tu ofisini tukayazungumza?"

"Mdogo wangu naye alikusubiri, Mheshimiwa. Ulikuwa unahutubia."

"Unataka nijiuzulu?"

"Nataka ukumbuke. Kujiuzulu ni shauri lako."

Alimwacha amesimama, na alijisikia vizuri. Hakujidanganya kwamba ni huzuni. Ilikuwa raha, raha kali, kama maji baridi kooni.

Simu ikaita. Mama yake alikuwa amesikiliza redioni.

"Mwanangu, amesema aliarifiwa? Nimesikia sawasawa?"

"Umesikia sawasawa, mama."

Bibi akauliza kwa sauti ndogo, "Mkwe wangu yuko hapo?"

Shemeji alikuwa ameshuka kutoka roshani; alimpa simu. Fundi aliisikiliza akiwa ameegemea ukuta, akiitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Nitaingia, mama." Machozi yalimshuka hadi kwenye koti la watu.

Mama Pongezi hakungoja amalize. Alishuka ngazi hadi ofisi ya maswali. Karani alipomwona alisimama wima, utani umemwisha.

"Pole sana, Mheshimiwa."

"Asante. Nataka kuwasilisha swali jingine. Nani alimhamisha yule dereva."

"Kwa wizara ile ile? Lakini wanasema hadi wiki ijayo waziri huyu atakuwa ameondolewa. Atajibu waziri mpya."

"Ajibu huyo mpya. Yule atakuwa ameketi viti vya nyuma, karibu na mimi." Akavuta kiti. "Nataka awe anasikia."