Mkia Uliojaa

Mama mkwe wangu, Bi Tsuyako, aliliweka lile koleo la chuma jikoni kama mtu anayekuazima jino lake. Kinywani mwa koleo hilo, kati ya bapa zake mbili, mna umbo la samaki mmoja tu. Marehemu mumewe alilitumia miaka yote kwenye lango la hekalu, akichoma taiyaki, mikate midogo yenye umbo la samaki na maharage matamu tumboni.

"Ukiliharibu linarudi kabatini," akasema. Mlango wa kabati alikwisha kuufungua. "Kozue tutamnunulia keki."

"Haliendi popote, Mama. Leo mwanangu anatimiza miaka minne, na alichoomba ni samaki."

"Mdomo huo! Basi mkia uache mtupu. Nyumba hii mkia hautiwi kitu, ni wa kusafishia mdomo baada ya utamu."

Lakini Kozue huanza na mkia. Kila tukinunua, anang'ata, anakuta unga mkavu, kisha ananitazama kana kwamba nimemdanganya mimi. Nikachota maharage niliyoyapika tangu asubuhi, nikayasukuma mpaka kwenye ncha.

"Nimekuona."

"Nilitaka unione."

Nikafunga koleo, nikaligeuza. Mara moshi. Maharage yalivuja pembeni, sukari ikaungulia kwenye chuma. Nilipofungua, mkia ulikuwa umepasuka, nusu umegandia.

Mama akanyoosha mkono. "Lete hapa."

"Utaungua." Sikuliachia. Nikakwangua kwa kijiti cha kulia chakula, nikapaka mafuta, nikamimina rojo la unga upya, zito zaidi huko mwisho. Nikaujaza mkia tena.

"Kichwa kigumu kama chuma chenyewe!"

"Ndiyo maana tunaelewana."

Kozue akacheka chini ya meza, ingawa sidhani alielewa. Samaki wa pili alitoka mzima, rangi ya hudhurungi. Nilimpulizia, nikampa. Akang'ata mkia. Macho yakamtoka.

"Yamo! Yamo mpaka huku! Bibi, onja!"

Bi Tsuyako akaonja, akatafuna polepole, akitafuta kosa. Akalipata.

"Maharage yako yana maji. Ungeyakausha vizuri, yule wa kwanza asingepasuka."

"Na mkia?"

Alikwenda kuufunga mlango wa kabati, akarudi, akavuta kiti, akakaa kumsubiri samaki wake.

Nikamjazia mpaka kwenye ncha.