Zamu ya Namba Saba

... na ni kweli Ajwang alimdanganya mwalimu wa utafiti pale mlangoni, Mungu yuko na alisikia, alipoulizwa kama ana neno na mtu yeyote wa kikundi alicheka akasema, "Wapi, mwalimu, sisi ni ndugu katika Kristo," akapokea kikaratasi cha namba saba, namba yake ya mwaka jana, akakibandika kifuani, kumbe nyongo ilikuwa imemjaa hadi kooni, kumbe amekuja kwa ajili ya Becky tu, Becky namba sita, ambaye sasa ameketi hapa kando yake, bega kwa bega, amemaliza kusema na anafuta pua kwa ncha ya leso... "Asante sana, namba sita," anasema mwalimu Wanja kwa ile sauti yake ya chuo kikuu, sauti ya kubembeleza mtoto, "namba saba, karibu," na rekoda iko pale katikati ya duara juu ya kiti cha plastiki, kitaa chake chekundu kimemkodolea Ajwang jicho, na wamama wote wamemkodolea, na nje nyundo inagonga, ko, ko, ko, Absalom mume wa Becky anatengeneza mabenchi ya kanisa, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, Ajwang apaze sauti kidogo tu na mambo yatakuwa yamekwisha...

mwaka jana ilikuwa humu humu, chumba hiki cha kanisa hapa Kiganjo, maana utafiti una awamu mbili, mwalimu anataka kuona maisha ya wanawake yamebadilika vipi, yamebadilika vipi! si aliulize godoro langu... "Hapa hakuna majina," aliwaambia siku ile, "ni namba tu, hakuna atakayejua nani alisema nini," nao wakaitikia kama wanaoitikia amina, hali kila mmoja anajua mwenzake anapanga wapi na jana amepika nini, kwa sababu mwalimu alimwachia Wakonyo, mwenyekiti wa wamama, awachague wa kuhojiwa, naye Wakonyo atawatoa wapi kama si benchi lake na benchi la nyuma yake, na Ajwang, mjinga wa Mungu, akaiamini namba, akafungua kinywa akasema kwamba tangu binti yake wa tatu azaliwe anadungwa sindano ya kupanga uzazi bila mumewe Odongo kujua, Odongo ambaye kila jioni wimbo ulikuwa kijana, nataka kijana... Jumapili haikufika, neno likawa limefika kwa Odongo, Becky alikuwa amemwambia dada yake Odongo kwenye mfereji wa ploti, wakichota maji, na hakukana, "Si nilikuwa nakuonea huruma tu," huruma! Odongo akakusanya nguo zake akahamia Mwihoko kwa mwanamke mwingine, na mlangoni, mbele ya watoto, akasema, "Kumbe umekuwa ukiua wanangu," na Maxine, kifungua mimba wake, akamtazama akauliza, "Mum, uliua nani?"...

na leo kabla ya kuanza mwalimu amewaeleza aliyoyagundua, kwamba jamii ni kama mwili, kila kiungo kina kazi yake, na vikundi kama hiki ndivyo vinavyomshika mwanamke asianguke, Wakonyo akadakia, "Ni ukweli, Ngai, Mungu anajua, sisi tunashikana sana," na Ajwang akataka kuuliza, na ulimi wa Becky, mwalimu, nao ni kiungo, nao una kazi gani?... "Chukua muda wako, namba saba," anasema mwalimu, ko, ko, inajibu nyundo, na yeye anachukua muda, anaulamba, kwa sababu Becky huyo huyo amesema sasa hivi, kwa kinywa chake, kwamba naye anadungwa, kliniki ile ile ya Ajwang, na tangu zamani, na Absalom hajui, Absalom ambaye kanisa zima linamwombea apate mtoto wa pili, hata Ajwang amewahi kufunga kwa maji matupu kwa ajili ya tumbo la Becky! njaa ile ilimkata hadi akaona nyota mchana, kumbe analiombea tumbo lililofungwa komeo na mwenyewe... anajua kisasi si chake, amefundishwa, anajua pia kwamba sasa hivi anafurahi, na furaha hii haijatoka mbinguni, lakini ni tamu, Baba, ni tamu, aseme tu kwa sauti ya kufika dirishani, "Pole, Becky, kumbe unadungwa na Absalom hajui?" aseme kwa huruma, huruma tupu, kama ile aliyoonewa yeye, halafu asikilize nyundo ikinyamaza...

nyundo ikinyamaza... ngoja, si ilinyamaza? Becky alipoitwa alikaa kimya, wakadhani ni machozi, Wakonyo akamwambia, "Jikaze, mami," kumbe alikuwa anatazama dirisha, anasubiri, nyundo ikatulia kidogo ndipo akasema, polepole, neno kwa neno, wala hakumgeukia mwalimu, aligeukia huku kwangu, na viti vilikuwa vitupu duara nzima alipoingia akaja kuketi hapa, hapa!... kwa hivyo alikuwa anafanya nini, ananilipa? ameniwekea shingo yake mapajani nikate mwenyewe? mtu anatoka kwake amenoa kisu mwaka mzima, anafika anakuta kuku amejilaza, shingo imenyooka, utachinja vipi hapo, ataenda kuwaambia watu alilipiza nini, Becky wewe, mume umeniondolea na kisasi nacho umenipokonya... au ni upumbavu tu, ameropoka kama alivyozoea, na nyundo ilinyamaza kwa sababu Absalom alikuwa anatafuta msumari, na kama ni upumbavu basi dirisha lile pale, Bwana unisamehe, nitasema, sijaacha kumchukia hata kidogo, lakini lazima nijue kwanza kama alikusudia, siwezi kulala bila kujua... "Namba saba?" mwalimu ameinama mbele, kalamu mkononi, ko, ko, ko, wamama wanakohoa, na bega la Becky limebaki pale pale, dhidi ya bega lake, na Ajwang anasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ya chini, isiyofika dirishani, ikitaja jina mahali pasipotajwa majina.

"Becky, naomba unitazame."