Kasoro Namba 212

Siku ya tatu baada ya kumzika mama nilirudi kazini. Kazini ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu: meza mbili, kompyuta mbili, na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Kaka yangu anatengeneza mchezo wa kompyuta, mimi ninaucheza ili nimtafutie kasoro. Ananiita Mkaguzi, na haniiti hivyo kwa mapenzi.

Mchezo wenyewe ni wa binti anayezunguka mji akiitafuta Jumanne iliyopotea. Nyumba za mji huo huhama zikichoka, mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu, na polisi ni samaki waliovaa mikanda. Usiniulize. Kaka akiulizwa maana yake husema maana ataijua mchezaji, jibu la mtu ambaye naye haijui.

Binti anaanzia nyumbani kwa mama yake, mwanamke ambaye mahali pa kichwa ana birika. Sauti ya Birika ni ya mama yetu. Tulimrekodi mwezi mmoja kabla hajafariki, amejifunika blanketi ili kelele za barabarani zisiingie, anacheka, anatulaumu kwamba tunataka achemke kweli.

Tangu afe sijalia. Msibani nilikaa macho makavu. Mashangazi walinong'ona juu yangu, nikawasikia, na hata hilo halikunichoma. Najua kwamba nampenda mama, kama ninavyoijua namba yangu ya simu. Kuhisi, sihisi kitu.

Basi nikafungua mchezo. Binti akafika kwenye mlango wa kutokea, Birika akaita: "We mwanangu!" Mlango haukufunguka. Nikarudi nyuma, nikaja tena. "We mwanangu!" Nikaruka, nikasukuma ukuta, nikapanda juu ya kabati, nikajirusha dirishani. Nilishinda hapo kutwa, mama yangu akiniita mara sabini na kitu. Mwishowe nikaandika daftarini: 212. Birika anamwita binti kila akifika mlangoni. Binti hawezi kutoka. Sauti iondolewe.

Tuna sheria moja tu, tuliyoiweka siku tuliyogombana mpaka mama akatuingilia na mwiko mkononi: kilichoandikwa daftarini kinarekebishwa, hakuna mjadala. Na wasambazaji walikuwa wanausubiri mchezo Ijumaa.

Kaka akasoma. Akasoma tena.

"Una hakika?"

"Mchezo haupiti hapo."

"Hii ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo. Ile kompyuta ya zamani ilikufa na rekodi zake zingine zote."

"Sheria ni sheria, kaka."

"Hivi we umeumbwa na nini?"

Ningelijua ningemwambia, maana hata mimi nilitaka kujua.

Akavuta kiti, akaweka mkono juu ya kipanya. Halafu akauliza, kikazi tu, "Ulijaribu vitufe vyote?"

"Vyote. Kuruka, kusukuma, kukimbia, kuokota."

"Na kuitika?"

Nikamtazama. Kitufe cha kuitika kipo. Kimeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa wa maelekezo ya mchezo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeikagua tahajia yake.

"Mlango hufunguka binti akiitika," akasema. "Nilidhani hilo halihitaji maelezo. Mtu akiitwa na mama yake, si anaitika?"

Asubuhi ile ya mwisho ya mama nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango wa nje. Mama akaita kutoka chumbani kwake, "We mwanangu!" Nilikuwa nimechelewa kwenda mjini, na nilijua ana kale kajambo kake kadogo, hakukosa kajambo siku hata moja. Nikaufunga mlango polepole, bila kishindo, ili adhani nimeshaondoka. Niliporudi, majirani walikuwa wamejaa uani. Hilo sijamwambia mtu. Kaka halijui.

Nikaivuta kibodi. Binti akaenda mlangoni.

"We mwanangu!"

Nikabonyeza. Kitufe kilitosha, lakini mdomo wangu nao ulifunguka. "Abee, mama."

Birika akageuka. "Kumbe bado upo?" akasema, na kile kicheko cha ndani ya blanketi kikamponyoka. "Nilidhani umeshaondoka. Haya, nenda. Ukirudi, uje na chumvi."

Mlango ukafunguka. Kaka alichukua kalamu akaikata 212 mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa nalia na daftari silioni. Binti alikuwa amesimama kizingitini, mji mzima uko mbele yake, ananisubiri nimtoe. Sikumtoa. Nilimrudisha katikati ya chumba, nikamleta tena mlangoni, ili aitwe.